Mfalme wa Hispania Alitupeleka Mombasa

Leo nina safari ya kukusimulia. Niseme mapema kabisa kwamba imenichukua muda kuamua kuiandika, maana ndani yake kuna jambo la nyumbani kwangu ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu. Lakini kila mwezi nakaa hapa kuwaambia ninyi mzungumze na wapenzi wenu. Sasa mimi mhariri nikikaa kimya, itakuwaje?

Mambo yalianzia Gorong'a, huko kwetu Mara, upande wa Tarime. Ukiuvuka Mto Mara umeingia Serengeti. Ndiko nilikoolewa. Mwezi wa nane mwaka jana tulikwenda likizo kwa mama mkwe, nami kama kawaida yangu nikabeba kazi ya ofisini. Ilikuwa makala ya utalii kuhusu Cádiz, mji wa bandari wa zamani sana kule kusini ya Hispania. Picha zake nzuri jamani! Kanisa kuu lenye kuba la rangi ya dhahabu likitazama bahari, ukumbi wa michezo wa Warumi uliofukiwa hadi ukagunduliwa mwaka 1980, minara ambayo wafanyabiashara walipanda kutazama meli zao zikirudi, na ngome ya Santa Catalina iliyokatwa kama nyota pembeni ya maji. Nikamwonyesha mume wangu.

"Hispania?" akaniuliza. "Kwa nauli hiyo tutauza ng'ombe wangapi?"

Nikacheka, nikaendelea kumsomea. Mwaka 1596 meli za Waingereza na Waholanzi ziliuvamia mji ule zikauchoma moto, ndipo mfalme Felipe II akaamuru ile ngome ijengwe. Mwenzangu akainua kichwa. Yeye ni mhandisi wa majengo, ukimtajia ukuta umempata.

"Huyo si ndiye yule wa Fort Jesus?"

Kumbe ndiye! Tangu mwaka 1580 Felipe wa Hispania alivaa na taji la Ureno, kwa hiyo Wareno waliokuwa pwani yetu walikuwa chini yake. Ni kwa amri yake ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na kazi kubwa ikaisha mwaka 1596, mwaka uleule Cádiz ilipoungua. Yaani mimi nahangaika na picha za Ulaya, na kazi ya mfalme huyohuyo iko kwa jirani. Tena kutoka Gorong'a, mpaka wa Sirari uko karibu kuliko Dar.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage, anatusikiliza. Akasema, "Nendeni. Hapa nyumbani siku hizi nasikia sauti za kuku tu."

Sote wawili tukanyamaza. Tulijua anasema nini.

Nyumba iliyonyamaza

Miaka miwili kabla ya hapo tulijaliwa binti. Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, akaishi siku tatu. Mama mkwe alikuwa amempa jina la bibi yake, na kwa siku hizo tatu ndugu na jirani waliniita Mama fulani, na mume wangu Baba fulani, kama ilivyo desturi yetu. Tulimzika Gorong'a, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Baada ya hapo watu wakaacha kutuita vile. Hawakuwa na ubaya, waliona wanatuhurumia. Na sisi wenyewe tukaacha.

Mwenzangu akaanza kuniita "Mhariri". Mimi nikamwita "Injinia". Tukageuka kama watu wa ofisi moja. Tulizungumza kodi, luku, nani anapitia sokoni, umeshakula? Ugomvi hatukuwa nao hata kidogo, na wengine walitusifia kwa utulivu wetu. Mimi shahada yangu ni ya mawasiliano, msomaji wangu. Cheka tu, nimeshajicheka sana.

Basi tukafunga begi moja. Tarime, Sirari, tukagonga mihuri, upande wa pili ni Isebania na Wakurya wenzetu walewale, maana huo mpaka uliwakuta watu wakiishi. Basi la kwenda Nairobi kupitia Migori na Kisii, tukalala Nairobi, asubuhi tukapanda treni ya kwenda Mombasa, ile ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Inapita katikati ya Tsavo, ukibahatika unaona tembo dirishani. Tulibahatika. Injinia alihesabu madaraja, Mhariri akasoma magazeti.

Ngome yenye jina la mfalme

Fort Jesus usiione kwenye picha ukadhani umeiona. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa mkondo wa bandari ya kale, ili meli isiingie bila ruhusa. Aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama ramani yake inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa baharini.

Hapo mume wangu alifunguka kinywa, nikabaki kumsikiliza. Alinionyesha zile pembe nne zinazochomoza, akasema siri iko hapo: mlinzi wa pembe hii anauona ukuta wa pembe ile, kwa hiyo adui akisogea kwenye ukuta hana pa kujificha. Alinyoosha mikono yake yote miwili kupima unene wa ukuta, ikapungua. Mawe ni ya matumbawe yaliyokatwa palepale, na chokaa yake ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Pembe moja inaitwa San Felipe. Nikamwambia, "Haya, mtu wako huyo!" Juu ya pembe hiyohiyo ya mfalme, Waomani walikuja kujenga nyumba yao katika karne ya 18, na dari yake bado ina boriti za kuvutia. Ndivyo ilivyo ngome nzima: kila aliyeingia alijenga juu ya aliyetoka.

Na walioingia ni wengi. Usitoke pale bila kusikia habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, India, akalelewa na watawa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mtiifu. Mwaka 1631 akamuua kamanda wa ngome, akaiteka, akalirudia jina lake la kwanza. Msimulizi wetu, mzee mmoja wa hapohapo Mji wa Kale, aliieleza taratibu kama habari za shangazi yake.

Wareno walirudi. Kisha ukaja mzingiro wa Waomani, kuanzia mwaka 1696 hadi mwisho wa mwaka 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani. Maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Meli ya Santo António de Tanná ilikuja kuwaokoa, ikazama hapohapo mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya mwaka 1977 na 1980, na vitu walivyotoa utaviona kwenye makumbusho ya ndani.

Waingereza nao waliigeuza gereza, kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Baadaye ikakarabatiwa kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian kutoka Ureno kulekule, ikawa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia.

Lakini kilichotusimamisha sisi kilikuwa kitu kidogo. Ndani ya makumbusho kuna ukuta uliochorwa na askari au mabaharia wa enzi za Wareno, kwa mkaa na udongo mwekundu. Wamechora meli, watu, samaki. Si michoro ya fundi, ni ya mtu mwenye muda mwingi na mawazo mengi. Mume wangu alikaa pale muda mrefu.

"Hawa walikuwa wanafikiria nyumbani," akasema. "Hawana wa kumwambia, wakauambia ukuta."

Nilitaka kumjibu. Nikaona kuna watalii nyuma yetu, nikaacha. Ukweli ni kwamba hata wasingekuwepo ningeacha.

Vichochoro vya Mji wa Kale

Ukitoka ngomeni, Mji wa Kale umeanza. Barabara yake kubwa inaitwa Ndia Kuu, ndiyo Njia Kuu kwa Kiswahili cha Mombasa, na usitegemee ukubwa wa kupita malori. Tembea polepole, inua macho. Juu kuna roshani za mbao zilizochongwa, chini kuna milango ya nakshi. Nyumba za zamani zaidi vyumba vyake ni vyembamba na virefu, na Injinia alikuwa na jibu: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Mti ndio uliopima chumba. Hilo sikulijua, na toka siku hiyo naangalia dari kila ninapoingia.

Usikose msikiti wa Mandhry. Unatajwa kuwa wa mwaka 1570, yaani umeitangulia Fort Jesus, na bado watu wanaswali humo kila siku. Mnara wake ni mweupe, umenenepa chini na kuchongoka juu. Karibu na bandari ya kale kuna nyumba ya Leven, iliyopewa jina la meli ya kivita ya Waingereza iliyofika Mombasa mwaka 1824. Tulishuka hadi majini tukatazama majahazi. Kisha tukarudi kwa miguu hadi soko la Marikiti, la mwaka 1914, ambako harufu ya karafuu na iliki inakupokea kabla hujafika.

Na mle, jamani, mle! Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai vya kukaangwa na ukwaju jioni pale nje ya ngome, kahawa chungu ya kwenye dele na kashata. Mwenzangu, Mkurya wa ugali na nyama choma, alikula viazi karai sahani tatu. Nilimcheka, naye akacheka. Nikajiuliza, hivi mara ya mwisho tumecheka pamoja ilikuwa lini?

Ng'ambo ya mkondo

Siku ya mwisho yule mzee alituuliza, "Nyali mushafika wanangu? Kuna kaburi kule, watu hawaendi sana." Tukavuka daraja kwa tuktuk. Njiani alituonyesha Kengeleni, palipo na mnara wa kengele wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Mtaa mzima umechukua jina la kengele ile.

Halafu tukafika kwenye kaburi, upande wa bara, likitazamana na Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Ni mahali padogo pa kimya. Karibu yake kuna mnara wa kumbukumbu ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani. Wewe unayesoma ukurasa huu una deni kwake: alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukiandika Kiswahili kwa herufi hizi za Kilatini, akatoa kitabu cha sarufi mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Lakini kaburi si lake. Mzee akatusimulia. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe, Rosina, akiwa mjamzito. Mwezi wa saba akajifungua mtoto wa kike. Baada ya siku chache homa ikamchukua mama, na siku chache nyingine ikamchukua mtoto. Mume mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Wamelala hapo, mama na mwanawe.

"Na huyo hakuwa wa kwanza," mzee akaendelea. "Walikuwa na mwingine."

Hiyo habari Krapf mwenyewe aliiandika. Kabla ya Mombasa walikuwa safarini nyikani karibu na Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu. Rosina akajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, akaishi kama saa moja. Wakamzika chini ya mti kando ya njia, safari ikaendelea. Lakini kabla ya kumzika walimpa jina. Walimwita Eneba, kwa Kihabeshi maana yake ni chozi.

Saa moja, msomaji wangu. Mtoto wa saa moja alipewa jina, na baba yake akaliandika kitabuni, na sisi leo, zaidi ya miaka 180 baadaye, tumesimama Nyali tunalitaja. Binti yetu aliishi siku tatu, ana jina, na sisi wazazi wake tulikuwa hatulitaji.

Mzee alikuwa mtu mzima kwelikweli. Alitutazama, akasema anakwenda kutafuta madafu, akaondoka.

Mume wangu aliweka mkono kwenye ukingo wa kaburi, kama alivyoupima ukuta wa ngome. Akasema, "Mimi ndiye niliyechimba. Sikukuambia. Walitaka vijana wachimbe, nikakataa."

Sikulijua hilo. Nilikuwa bado kitandani siku ile. Miaka miwili nilidhani alikuwa amesimama mbali kwa sababu hakuumia kama mimi. Na yeye, kama alivyoniambia baadaye, alidhani nilinyamaza kwa sababu namlaumu. Kila mmoja alikuwa amejenga ngome yake, na kwa kweli tulijenga imara.

Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi, udongo ulikuwaje, alivaa nini. Akanijibu yote. Tukalia pale kama watoto, bahari imetulia tu. Mzee aliporudi na madafu yake, mume wangu alichukua moja akanipa, akaniita Mama, halafu akataja jina. Jina sitaliandika hapa, ni letu. Nami nikamjibu Baba, nikalitaja.

Tulirudi kwa njia ileile, kupitia Gorong'a. Mama mkwe alitusikia tukiitana uani. Hakuuliza kitu. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akatupeleka nyuma ya nyumba tupalilie pale karibu na migomba. Tukapalilia watatu.

Kama na ninyi mnataka kwenda

Kwa anayetoka Mara, pitia Sirari. Sisi wa Afrika Mashariki hatulipi viza kuingia Kenya, lakini beba pasipoti au hati halali ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisikosekane kwenye begi. Tiketi ya treni kata mapema, siku za wikiendi inajaa. Ngomeni nenda asubuhi kabla jua halijakolea, na uwe na raba, maana mawe yanateleza. Mji wa Kale ni makazi ya watu: mavazi yawe ya heshima, msikitini uliza kwanza, na usimpige mtu picha bila ruhusa. Msimulizi mchukue, wa hapohapo, mkubaliane bei kabla ya kuanza. Na Nyali mfike, hata kama hamna msiba wowote.

Halafu mkiwa huko, zima simu. Sikuahidi kwamba mawe ya zamani yatatengeneza ndoa yako, hayana kazi hiyo. Ila watu wa zamani walichonga, wakachora ukutani, wakaandika majina ya waliowapoteza, ndiyo maana tunawajua. Kama kuna jina ambalo nyumbani kwenu halitajwi, litaje mwezi huu. Anza wewe, usimngoje mwenzako. Yawezekana na yeye anakungoja wewe.

Cádiz tutakwenda siku moja, Mungu akipenda. Mume wangu ameshaanza kuhesabu ng'ombe.

Tukutane mwezi ujao. Nawapenda sana.